Dharura za njia ya mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufundisha madaktari kwa uigaji

Mafunzo ya uigaji ni nini hasa, na yanagusa dharura zipi?

Ni kumweka daktari mbele ya mgonjwa wa bandia, au mtu anayeigiza ugonjwa, kisha kumwachia afanye kazi yote: kuhoji, kupima, kuamua, kuita msaada na kutumia mikono. Akikosea, anayeumia ni mfuko wa plastiki.

Dharura zinazofaa kuwekwa kwenye ratiba ni mkojo kukataa kutoka ghafla, kibofu kilichojaa mabonge ya damu, korodani iliyojisokota, uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, govi lililokwama nyuma ya kichwa cha uume, figo iliyoziba na kuingiwa na maambukizi, na uozo wa haraka wa ngozi na nyama za sehemu za siri. Majeraha ya njia ya mkojo na uume uliovunjika huongezwa siku zikitosha.

Zikiwa siku mbili tu, anza na tano za mwanzo na figo iliyoziba. Huo uozo hufundishwa vizuri kama kisa cha kuamua haraka. Mikono haina kazi kubwa hapo kwa daktari wa zamu: anatakiwa kushuku mapema pale maumivu yanapozidi kile anachokiona, kuanza dripu na antibiotiki, na kumwamsha daktari wa upasuaji.

Kwa nini wasijifunze wodini kama zamani?

Wodini mgonjwa haji kwa ratiba. Daktari anaweza kumaliza miezi sita ya zamu asikutane na uume uliosimama, kisha akampata wa kwanza saa tisa usiku akiwa peke yake. Isitoshe, hizi ni sehemu za mwili ambazo mgonjwa hapendi kuzungukwa na wanafunzi sita.

Uingereza madaktari wanaoanza ubingwa wa yurolojia, yaani magonjwa ya njia ya mkojo, wana kambi ya mafunzo ya uigaji mjini Leeds tangu 2015, na dharura ni sehemu ya ratiba yake. Ila wanaozihitaji zaidi, kwa maoni yetu, ni madaktari wa kawaida wa zamu na wa chumba cha dharura. Bingwa hufika baadaye.

Lazima tununue manikini za kisasa?

Hapana. Swali la kujiuliza ni moja: mshiriki anatakiwa kuhisi nini mkononi? Kwa katheta (mpira wa kutolea mkojo) ya kupitia tumboni anatakiwa kuhisi ukinzani, kisha kuachiwa ghafla sindano inapoingia kibofuni. Kwa mabonge ya damu anatakiwa kuhisi bomba la sindano linavyogoma kuvuta. Mambo hayo hupatikana kwa mfuko wa dripu na jeli. Sura ya manikini inayopepesa macho haiongezi kitu hapo.

Kitu ambacho ungedhani hakina mbadala wa bei rahisi ni skrini ya kuonyesha shinikizo la damu na mapigo yanayobadilika. Hata hiyo huigwa kwa tableti yenye programu ya bure, mwezeshaji akibadilisha namba kutoka pembeni.

Tunatengenezaje kibofu cha kufanyia mazoezi ya katheta ya kupitia tumboni?

Chukua mfuko wa maji ya kusafishia wa lita 3, dondoshea rangi ya njano, kisha uufunge kwa mipira miwili ya kufungia mkono ili ukaze. Mfuko uliolegea hukimbia sindano, na mshiriki anajifunza kusukuma kwa nguvu, tabia ambayo hatutaki aipeleke kwa mtu. Uweke ndani ya beseni la plastiki. Juu yake laza sponji ya sentimita 3 hadi 4 badala ya mafuta ya tumbo, kisha kipande cha ngozi bandia kilichovutwa na kubanwa kwa gundi ya karatasi. Upande wa chini pitisha kipande cha bomba gumu la maji kama mfupa wa kinena, kwa sababu bila alama hiyo mshiriki hana pa kuanzia kupima.

Sponji ina hewa, na hewa huzuia mawimbi ya ultrasaundi; skrini itaonyesha ukungu mtupu. Ukitaka kufundisha kwa ultrasaundi, badala ya sponji mimina jeli ya gelatini, takribani gramu 100 kwa kila lita ya maji, pamoja na kijiko cha wanga ili picha isiwe nyeusi tupu. Mimina polepole na uondoe povu la juu kabla haijaganda.

Mfuko mmoja ni wa mshiriki mmoja. Ukishatobolewa shinikizo hupungua, na wa pili hatahisi ule mwachio. Huu ndio ubahili unaoharibu zoezi zaidi ya wowote.

Hatua zenyewe ni zipi?

Thibitisha kwa ultrasaundi kwamba kibofu kina angalau mililita 300 na hakuna utumbo mbele yake. Tafuta mstari wa kati, vidole viwili juu ya mfupa wa kinena. Choma ganzi kwenye ngozi, kisha endelea kushuka ukivuta bomba la sindano hadi mkojo uonekane. Hapo simama uangalie kina. Ndicho kipimo cha sindano kubwa itakayofuata. Kata ngozi sentimita 1. Sindano kubwa isukumwe kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa breki kwenye ngozi. Mkojo ukitoka, songa sentimita 1 hadi 2 tu, ingiza katheta, jaza puto linaloishikilia kibofuni, toa ganda la nje la ile sindano kubwa.

Mwezeshaji aweke mtego kabla: kovu la upasuaji chini ya kitovu lililochorwa kwa kalamu, au barua ya zamani yenye habari ya saratani ya kibofu. Mshiriki anayefika kwenye kisu bila kuuliza kuhusu upasuaji wa zamani, saratani au dawa za kuzuia damu kuganda amefeli zoezi hata kama mkono wake ni mwepesi. Utumbo ulioshikamana na kovu ndio unaotobolewa.

Kuweka katheta ya kawaida kila mtu anajua. Kwa nini mnaanza hapo?

Kwa sababu kila mtu anaamini anajua. Kosa linalojirudia kwa wanaume ni kujaza puto likiwa bado ndani ya mrija wa mkojo, kwenye tezi dume. Mrija huchanika, damu hutoka, na miezi kadhaa baadaye mgonjwa anarudi na njia iliyosinyaa.

Kinga yake ni tabia mbili: ingiza katheta hadi kwenye njia panda yake, pale inapogawanyika, mwisho kabisa, na subiri mkojo kabla ya kujaza puto mililita 10 za maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi huacha chembe zinazoweza kuziba njia ya puto siku ya kulitoa. Mkojo usipotoka, usijaze. Mafuta ya ganzi yaliyojaa mdomo wa katheta yanaweza kuuzuia. Bonyeza juu ya kibofu au vuta taratibu kwa bomba la sindano.

Zoezi zuri ni hili: mpe manikini ambayo umebana mrija wake kwa klipu usawa wa tezi dume. Angalia nani anatulia, anaongeza jeli ya ganzi mililita 10 hadi 15 na kusubiri dakika 3 hadi 5, kisha anaomba katheta yenye ncha iliyopinda na kuielekeza juu, kwenye namba 12 ya uso wa saa. Angalia pia nani anachukua katheta nyembamba zaidi, ambayo kwenye tezi kubwa hujikunja tu. (Namba ya katheta ni unene wake wa nje, igawe kwa 3 upate milimita. Namba 18 ni milimita 6.) Akijaribu mara mbili akakwama, jibu sahihi ni kusimama na kupiga simu.

Baada ya kibofu kufunguka kisa kisiishie hapo. Sogeza saa mbele: mgonjwa anatoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo. Anayejibu "vizuri, mkojo unatoka" bila kuangalia maji, chumvi za damu na shinikizo hajamaliza kazi. Na govi limerudishwa mbele? Asilimia kubwa ya vicheko vya mjadala huanzia hapo, maana ukumbusho huo humfikia mtu akiwa ameshavua glovu.

Mabonge ya damu kwenye kibofu yanaigwaje?

Jeli nyekundu iliyokazwa, ikatwe vipande visivyolingana, iingizwe kwenye mfuko wa mpira wenye katheta ya njia tatu namba 22 au 24. Mshiriki anapewa bomba la sindano la mililita 50 au 60 lenye ncha ya katheta.

Asukume mililita 50, avute kwa nguvu, amwage, arudie hadi maji yatoke bila mabonge. Bomba likigoma kuvuta maana yake ama bonge limefunika tundu, ama ukuta wa kibofu umenyonywa. Asukume kidogo, azungushe katheta, aisogeze sentimita moja mbele au nyuma, ndipo avute tena. Msaidizi aandike maji yaliyoingia na yaliyotoka. Umeingiza mililita 1,000 na zimetoka 950, endelea. Zimetoka 600, simama: mililita 400 zimebaki ndani, au zimevuja.

Kosa kubwa ni kufungulia dripu ya kusafisha kabla mabonge hayajaisha. Maji huingia, bonge huziba njia ya kutokea, kibofu huvimba na kinaweza kupasuka. Kwenye mfano huu mshiriki huliona kwa macho, mfuko ukivimba mezani. Maelezo ya mdomo hayafikii hapo.

Uume uliosimama: kwa nini mnasisitiza hesabu ya dawa?

Kwa sababu sindano yenyewe si ngumu. Tengeneza mirija miwili laini iliyojazwa maji mekundu mazito, iunganishwe kwa tundu dogo pembeni, ivalishwe sponji nyembamba na kidole cha glovu. Tundu hilo ni la lazima: vyumba viwili vya damu vya uume vinawasiliana, hivyo kuchoma upande mmoja kwa kawaida kunatosha, na mshiriki ataona upande wa pili ukilegea. Sindano namba 19 iingie pembeni, kwenye namba 3 au 9 ya uso wa saa. Juu, kwenye 12, kuna mishipa na neva; chini, kwenye 6, kuna mrija wa mkojo. Damu ya kwanza ipimwe gesi: oksijeni chini ya 30 mmHg, kaboni dioksidi juu ya 60 mmHg na pH chini ya 7.25 ni dalili kwamba nyama inakosa hewa na saa inakimbia.

Hesabu ndiyo inayoua. Fenilefrini, dawa ya kubana mishipa ya damu inayochomwa hapo, huja mara nyingi ikiwa miligramu 10 ndani ya mililita 1, yaani mikrogramu 10,000. Ukiiweka yote kwenye mfuko wa mililita 100 wa maji ya chumvi, kila mililita ina mikrogramu 100. Dozi ni mikrogramu 100 hadi 500 kila dakika 3 hadi 5, na kikomo kinachotumika sana ni mikrogramu 1,000 ndani ya saa ya kwanza. Anayevuta mililita 1 moja kwa moja kwenye ampuli na kuichoma amempa mgonjwa mara kumi ya kikomo hicho, kwa mpigo.

Basi weka ampuli za bandia zenye lebo ya nguvu halisi, weka kelele, mwache nesi amuulize swali jingine katikati ya hesabu. Kisha dai mambo mawili: kusoma lebo kwa sauti mbele ya mtu wa pili, na kubandika lebo kwenye mchanganyiko. Wakati wa kuchoma, shinikizo na mapigo vipimwe kila mara. Mwezeshaji akipandisha shinikizo hadi 210/115 na kushusha mapigo hadi 48, mshiriki aache dozi inayofuata.

Korodani iliyojisokota inafundishwaje bila upasuaji?

Sehemu kubwa ni kuamua. Kijana wa miaka 14 ana maumivu yaliyoanza ghafla, ametapika, korodani imepanda juu na ni ngumu, na ukikwaruza paja upande wa ndani korodani haishtuki. Mpe mshiriki simu na ultrasaundi ambayo "itapatikana baada ya saa moja na nusu". Anayesubiri picha wakati dalili ziko wazi amefeli. Nafasi ya kuiokoa korodani ni kubwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, na saa hizo zinahesabiwa tangu nyumbani. Wengi huhesabu tangu mapokezi.

Kwa mikono, tundika mpira mdogo kwenye kamba yenye nyuzi tatu za rangi ndani ya soksi, usokote digrii 540, ambao ni mzunguko mmoja na nusu. Kuikunjua kwa kawaida ni kuelekea nje, kama kufungua kitabu. Takribani theluthi moja husokota upande wa pili, kwa hiyo sokota baadhi ya mifano kinyume. Maumivu yakizidi, mwigizaji alalamike na mshiriki abadili upande. Wengi huacha baada ya nusu mzunguko kwa sababu mgonjwa "amepata nafuu". Na hata ikikunjuka yote, mgonjwa anaenda chumba cha upasuaji, korodani zote mbili zishonwe zisisokote tena.

Na govi lililokwama nyuma?

Dakika 15 zinatosha. Kidole cha sponji iliyoloweshwa maji, pete ya mpira nyuma yake. Fundisha kubana uvimbe kwa mkono mfululizo kwa dakika 5 hadi 10, kwa saa ya ukutani. Mshiriki huona dakika moja ni tano. Uvimbe ukishuka, vidole gumba vinasukuma kichwa huku vidole vingine vikivuta govi mbele.

Kisa cha figo iliyoziba kiwe na nini ndani yake?

Hapa mikono inapumzika na simu inafanya kazi. Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 45, kilo 72, maumivu ya ubavu, joto 39.2, shinikizo 86/50, mapigo 128. Ultrasaundi inaonyesha figo iliyovimba. Kipimo cha mkojo, weka kisafi. Mtego huo ni wa kweli: figo ikiziba kabisa, mkojo wenye usaha haufiki kibofuni, na unachopima ni mkojo wa figo ya pili, ile isiyo na tatizo.

Tegemea haya: damu ya kuotesha vijidudu, antibiotiki ndani ya saa moja, maji mililita 30 kwa kilo, kwake mililita 2,160, ndani ya saa 3, laktati, na simu ya kuomba figo ifunguliwe, ama kwa mpira wa ndani wa ureta (mrija kutoka figo hadi kibofu) ama kwa mrija wa mgongoni. Jiwe lenyewe halitolewi usiku huo.

Baada ya lita moja, pandisha shinikizo hadi 104/62. Ndipo wengi huamua "tusubiri asubuhi". Mwezeshaji anayeigiza bingwa kwenye simu naye aseme hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Mshiriki anatakiwa kueleza hali kwa sentensi mbili, kusema anachohofia, kutaja anachoomba na kwa saa ngapi. Akikataliwa, ajue anayefuata kumpigia ni nani. Visa vingi huanguka hapa: daktari anasimulia historia dakika tatu na hakuna ombi ndani yake.

Kila kisa kichukue muda gani?

Maelekezo dakika 5, kisa dakika 10 hadi 15, mjadala dakika 20 hadi 30. Watu watatu au wanne kitandani, wengine wanatazama wakiwa na kazi ya kuandika nyakati. Zaidi ya wanane kwa kituo, nusu yao ni watazamaji wa sinema.

Mjadala baada ya kisa uendeshwe vipi?

Waache kwanza wapumue na waseme walivyojisikia, kwa kifupi. Kisha kubalianeni nini kilitokea, kwa saa: dawa dakika ya 4, simu dakika ya 11. Ndipo uulize kwa nini. "Niliona umesimama na sindano kwa dakika moja, ulikuwa unawaza nini?" hufungua mdomo, "kwa nini ulichelewa?" huufunga. Mara nyingi jibu ni kwamba hakukumbuka hesabu na aliona aibu kuuliza mbele ya nesi, na hapo ndipo somo lilipo.

Mambo matatu yanatosha kwa kisa kimoja. Bingwa anayegeuza mjadala kuwa mhadhara apewe kazi ya kuigiza simu.

Tunampimaje mshiriki?

Tumia orodha ya hatua pamoja na kipimo cha jumla. Mfumo wa OSATS, uliotokea Toronto, Kanada, miaka ya 1990, unapima mambo kama uangalifu kwa nyama, mwendo wa mikono na ujuzi wa vifaa kwa alama 1 hadi 5. Orodha peke yake hudanganya: mtu anaweza kutiki hatua 18 kati ya 20 na mbili alizoruka ndizo zinazoua. Weka makosa ya kufelisha moja kwa moja: kujaza puto bila mkojo, fenilefrini isiyochanganywa, kusubiri picha ya korodani iliyo wazi.

Mafunzo yarudiwe baada ya muda gani?

Ujuzi wa mikono usiotumika huanza kufifia ndani ya miezi. Zoezi la dakika 20 kila miezi mitatu hadi sita, hapo hapo wodini, lina faida kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka. Wodini kuna ziada: utagundua kwamba bomba la sindano lenye ncha ya katheta halipo, au katheta za njia tatu ziko stoo ambayo ufunguo wake uko nyumbani kwa mtu. Yaandike hayo na uyafuatilie. Ni matokeo ya mafunzo kama alama zilivyo.

Kuna hatari yoyote?

Ipo, na husahaulika. Ampuli ya bandia au maji ya rangi yakiachwa kwenye trei ya wodi yanaweza kuishia kwa mgonjwa. Kila kitu kibandikwe "MAFUNZO TU, SI KWA BINADAMU", kihesabiwe kabla na baada, na mtu mmoja asaini. Vifaa vilivyopitwa na muda vikitumika kwenye mazoezi, viondoke jengoni siku hiyo hiyo.

Aliyefaulu anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa peke yake?

Hapana. Anaruhusiwa kufanya kwa mgonjwa akisimamiwa, akiwa tayari anajua mfuatano wa hatua. Idadi ya mara za kusimamiwa iamuliwe na idara na iandikwe kwenye daftari lake, ikiwa na sahihi ya aliyemsimamia na kilichokwenda vibaya.